Mkono Juu ya Mdomo: Foto ya Abidjan na Ukuta Wetu

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Kiambi. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumepunguza tu marudio.

Jambo kwa ninyi mliotoka Kalemie mukalala njiani, tunajua barabara ilivyo wakati wa mvua. Na ninyi marafiki mnaotusaidia kutoka mbali, mtakaosoma maneno haya katika gazeti letu dogo, jambo kwenu pia. Hesabu za likelemba zitasomwa mwisho, kama kawaida. Kwanza tuko na neno la ukuta.

Ukuta mnaujua. Kijana wetu mmoja alichora pale mbele ya nyumba ya mikutano mchezaji wa Léopards: mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kichwani kama bunduki. Kazi nzuri. Hata watu wanaopita kwenda mtoni wanasimama kuiangalia. Juma lile lile Nkambo mmoja, Mtwa, mwanachama tangu mwaka tuliorudi, alikuja kuleta franga zake za mwezi. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, halafu akauliza: "Huyu anajiua?"

Tulicheka. Tukamwambia, apana Nkambo, ni mambo ya mupira. Akauliza tena: "Kama hajiui, bunduki ni ya nani?" Hapo hakuna aliyejibu. Akatoa franga zake, akaandikwa kwenye daftari, akaenda.

Jambo lingeishia pale. Lakini vijana wakaleta ombi: mpiga foto anayekuja kwa ajili ya ripoti ya marafiki wetu atupige sisi wote kando ya Luvua, wakubwa na watoto, tukifanya ishara ile ile. Wengine wakafurahi. Wengine wakakataa. Mmoja akasema wanaokataa si Wakongomani wa kweli, na neno hilo liliuma, mpaka mama mmoja akaondoka katikati ya kikao. Komite ikaombwa iangalie jambo hili vizuri. Sisi si walimu wa picha. Tulichofanya ni kukaa jioni tatu na telefone moja, tukaiangalia ile foto yenyewe, tukaulizana: iko nini ndani, na nini haimo?

Tuanze na yaliyomo. Ni tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, uwanja wa Alassane Ouattara kule Ebimpé. Nusu fainali ya Kombe la Afrika, Kongo na Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa letu unapigwa. Wachezaji wamesimama mustari mmoja, wamevaa vitambaa vyeusi mkononi, na badala ya kuimba tu wamefunika midomo na kuelekeza vidole kichwani. Siku hizo hizo M23 walikuwa wanapigana karibu na Sake, na watu walikuwa wanakimbilia Goma na magodoro kichwani. Kabla ya mchezo Cédric Bakambu alikuwa ameandika kwenye mitandao kwamba kila mtu anaona mauaji ya Mashariki ya Kongo na kila mtu ananyamaza. Akaomba nguvu watu wanayotumia kuzungumzia mashindano waitumie pia kuonyesha yanayotokea kwetu.

Tulipoteza mchezo ule bao moja kwa bila, Haller alitufunga. Wengi wetu tuliuangalia pale kwa muuza bia mwenye jenereta. Tukumbuke kwamba walipofanya ishara ile nyumba nzima ilinyamaza, na jenereta tu ndiyo iliyosikika. Baba mmoja alilia. Hakuwahi kulia hata siku tulipovuka kurudi hapa.

Kwa hiyo tusidharau foto ile. Kwanza, fikirini namna ilivyokuwa vigumu kusema. Sheria za mupira zinakataza maandishi ya siasa juu ya jezi. Hawakuwa na kipaza sauti. Walikuwa na dakika moja na nusu hivi ya wimbo, na kamera inayopita uso kwa uso. Mtu aliye na nafasi ndogo namna ile anatumia mwili wake. Mikono miwili, basi. Na walichagua wakati ambapo kamera haiwezi kuwaruka, kwa sababu kwa kawaida mchezo wa mataifa unaonyesha wachezaji wakati wa wimbo wao. Hiyo ni akili.

Sasa mkono wa mdomoni. Ishara hii si ya Kongo peke yake. Tarehe 23 Novemba 2022, kule Qatar, timu ya Ujerumani ilifunika midomo katika foto yake ya pamoja kabla ya kucheza na Japani. Wao walikuwa wamekatazwa kapteni wao asivae kitambaa fulani mkononi. Mkono wao ulisema: wametufunga mdomo. Mkono ule ule kule Abidjan ulisema neno lingine: ninyi mumenyamaza. Mdomo uliofunikwa ni wa mchezaji, lakini unaoshitakiwa ni mdomo wa dunia. Bila vidole vya kichwani mtu angeweza kuchanganya hizi mbili. Vidole ndivyo vinavyoeleza: wakati mumenyamaza, mimi niko hivi.

Hapo tukafika kwenye swali la Nkambo. Tuliona halikuwa la kuchekwa. Ndilo lililotushika jioni mbili nzima.

Ili kulielewa, tuliweka foto nyingine pembeni. Mwalimu wetu mmoja alikuwa nayo katika kitabu. Ni ya Mfaransa Marc Riboud, aliyeipiga Washington tarehe 21 Oktoba 1967, siku watu wengi walipoandamana mpaka Pentagon kukataa vita vya Vietnam. Msichana wa miaka 17, Jan Rose Kasmir, ameshika ua mbele ya uso wake. Mbele yake mustari wa askari wenye bunduki, visu vya bunduki vimemuelekea. Katika foto hiyo kila kitu kiko mahali pake. Upande huu ua, upande ule chuma. Hata mtoto asiyejua Vietnam iko wapi anaona nani ana silaha na nani hana. Yule msichana, alipokuwa mama mtu muzima, alisimulia kwamba alipowaangalia wale askari aliona ni vijana tu kama yeye. Foto inakubali hilo pia, kwa sababu nyuso zao zimo.

Ya Abidjan haina upande wa pili. Hakuna askari. Hakuna adui. Bunduki ni vidole vya mchezaji mwenyewe, na kichwa ni chake. Anayeuawa na anayeua wako katika mwili mmoja. Wachezaji hawakutaka kusema hivyo, tunajua. Walikuwa wanaonyesha ndugu wa Mashariki wanaouawa. Lakini foto haimuulizi mpigwa foto alitaka nini. Inaonyesha kilichoko mbele ya kamera. Nkambo, asiyejua kusoma na asiyefuata mupira, alisoma kilichoko: mtu amejielekezea silaha mwenyewe na amejifunga mdomo mwenyewe.

Na sasa tuseme jambo ambalo hapa Kiambi tunalizunguka kama gari linavyozunguka shimo. Kwetu sisi, Nkambo alisoma sawa.

Vita vya Kivu vina majina ambayo ulimwengu umeanza kuyajua. Vita vyetu ni vingine. Watu wa Manono, Mitwaba na Pweto walishazoea kuishi katika eneo lililoitwa "pembetatu ya kifo", kwa ajili ya Mai-Mai. Halafu ikaja ile ya Batwa na Baluba, ambayo mwaka 2013 ilikuwa imeshawaka na mwaka 2016 ikawaka zaidi, ile ya kodi ya viwavi iliyoanzia upande wa Kabalo. Viwavi! Mtu wa mbali anaposikia anadhani ni mzaha. Lakini mnajua kwamba viwavi vilikuwa neno la mwisho tu la maneno marefu: nani ana ardhi, nani anamlimia nani kwa malipo gani, mtoto wa nani anakaa benchi la nyuma, nani anaweza kuoa kwa nani. Mwisho wa mwaka 2017 watu zaidi ya 600,000 walikuwa wameacha makwao katika Tanganyika. Sisi tulikuwa ndani ya hesabu hiyo. Wengine Kalemie katika vibanda vya majani, wengine Manono, wengine walivuka mpaka Zambia wakaenda kukaa Mantapala.

Na silaha ilikuwa nini? Wengi wetu hapa hatukukimbia bunduki. Tulikimbia mishale, mapanga na moto. Mshale unarushwa na mtu aliye karibu. Unaweza kumjua kwa mwendo wake. Walioshika upinde walikuwa wa pande zote mbili, na wengine wao, tuseme polepole, leo wanatoa franga zao katika likelemba hii hii. Kijana anayefanya ishara ya bunduki kichwani anaonyesha vita vilivyotoka nje kuja kutuua. Ni kweli kwa Rutshuru. Hapa tukifanya hivyo sote pamoja, kamera ikatushika, tutakuwa tumesema kwamba yetu pia ilitoka nje. Ni rahisi. Inatupatanisha kwa foto. Wale waliochomewa nyumba watasimama bega kwa bega na wale waliochoma, wote wamefunika mdomo.

Mama aliyeondoka katika kikao alitueleza baadaye kwa nini. Tunayasema maneno yake kwa ruhusa yake, bila jina: "Miaka tatu mu kambi nilifunga mdomo. Nikarudi, banasema tufunge mdomo juu ya amani. Sasa munataka nifunge mdomo mu foto?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tunaamini hata wachezaji wenyewe wangemsikiliza.

Kuna na jambo la maneno ya chini ya foto. Hili marafiki wetu wa mbali walisikie vizuri, hatulisemi kwa hasira. Tulipokuwa kambini kamera zilikuja mara nyingi. Zilipenda mtoto aliyeshika sahani tupu kuliko mtoto aliyeshika daftari. Mtoto wa mmoja wetu alipigwa foto akiwa na miaka sita hivi, amekaa juu ya dumu la maji, analia kwa sababu kaka yake alikuwa amemnyang'anya muwa. Basi. Miaka imepita, tukaona foto ile katika kitabu kidogo cha kuomba misaada. Chini yake waliandika kwamba wazazi wake waliuawa. Wazazi wake wako hapa, baba amekaa pale karibu na dirisha. Mtoto sasa yuko masomo ya sekondari, anajua kusoma. Aliuliza: "Ni mimi, ao ni mwingine?"

Hakuna aliyesema uongo kwa mdomo. Foto ilinyamaza, na mtu mwingine akaizungumzia. Ndiyo hatari ya ishara ya kufunika mdomo ikifika mikononi mwa watu wasiotujua. Wachezaji wa Léopards wana majina. Dunia nzima inajua yule ni Chancel Mbemba, yule ni nani, wanaweza kuulizwa kesho yake walitaka kusema nini, na wakajibu. Watoto wetu kando ya Luvua watakuwa "watoto wa Kongo" tu. Mdomo umefunikwa, jina halipo, maneno ya chini yataandikwa na mtu ambaye hajawahi kula bukari hapa.

Vijana walitujibu, na jibu lao lina uzito, lazima tulitoe kama walivyolitoa. Walisema: bila ishara ile nani angetuangalia? Dunia inajua Goma. Nani anajua Kiambi? Tukifanya ishara inayojulikana tutaingia katika picha kubwa, tutasomwa na wote. Na wakaongeza: ndugu wa Kivu wanakufa, tukisimama nao kuna ubaya gani? Januari 2025 Goma ilichukuliwa, Februari ikawa Bukavu, na watu wa Kivu ya Kusini wakafika Kalemie kwa mashua, wamechoka, wamelowa. Wanachama wetu walioko Kalemie waliwapokea katika mitaa ile ile ambayo sisi tulipokelewa. Kwa hiyo foto ile haijazeeka.

Ni kweli. Na komite haikubaliani yenyewe kwa yenyewe mpaka leo juu ya nukta hii; wawili wetu wangali upande wa vijana. Sisi wengine tunaona hivi: ukiazima ishara ya mtu, unaazima na maelezo yake. Ishara ya Abidjan inasema "munatuona na munanyamaza". Kwa Kiambi malalamiko si hayo. Hapa hawakutuona kabisa. Hakukuwa na kamera siku vijiji vilipoungua. Kamera zilikuja kambini, baadaye. Foto ya vita vyetu haipo. Iko tu foto ya sahani tupu. Kama tunataka kuonekana, basi tuonyeshe kitu ambacho ni chetu na ambacho hakijaonekana.

Nini? Tulimrudia Nkambo. Tulimkuta anasafisha sombe, tukamuomba msamaha kwa kicheko kile. Hakutaka maneno mengi. Alisema tu kwamba yeye, kama angepigwa foto, angetaka ashike karatasi ya shamba lake. Mnajua ile karatasi, iliyoandikwa mbele ya baraza na chifu, yenye alama ya kidole chake na sahihi ya jirani yake Mluba anayepakana naye. Karatasi moja, watu wawili. Amekuwa akiificha ndani ya sufuria ili mchwa wasiile.

Tuliposikia hivyo, mmoja wetu alisema ile ndiyo foto yenye upande wa pili, kama ya yule msichana na askari. Hatutaki kulisukuma sana neno hilo. Karatasi yenyewe bado ina ugomvi, mpaka wa chini karibu na mto haujapimwa, na jirani ameshaleta malalamiko mara moja. Lakini ugomvi ule uko wazi. Unaweza kuuandika chini ya foto na usiwe uongo.

Kwa hiyo komite inaleta haya, na ninyi mtaamua.

Uchoraji wa ukutani ubaki. Kijana amefanya kazi, na foto ya Abidjan ilitufanyia mema usiku ule, tusimuaibishe. Ila chini yake aandike tarehe na mahali, 7 Februari 2024, Abidjan, ili mtu asidhani ni mmoja wetu anajiua. Na sehemu ya ukuta iliyobaki, ile nyeupe mpaka mlangoni, isichorwe. Kila familia inayotaka iandike kwa mkono wake mwaka iliyokimbia, mahali ilikokwenda, na mwaka iliyorudi. Asiyejua kuandika ataandikiwa mbele yake na kusomewa. Rangi iko, imebaki kopo moja na nusu.

Juu ya foto kando ya mto: mtu muzima anayetaka kufanya ishara ya Léopards afanye, hatumkatazi, na asiitwe jina baya. Asiyetaka asiitwe jina baya pia. Yule aliyesema neno la Wakongomani wa kweli tayari amekwenda kumuona mama yule, na limekwisha. Watoto wasifanye ishara ya bunduki. Hilo tunaliomba kwa nguvu. Wengine wao walizaliwa kambini, hawakuona, na wengine waliona mengi mno.

Na kwenu marafiki wa mbali: ripoti ya safari hii itakuja na foto ya Nkambo na jirani yake, kama wote wawili watakubali siku ile, na maneno ya chini tutayaandika sisi, kwa Kiswahili, na tafsiri pembeni. Msiyabadilishe. Ikiwa nafasi ni ndogo, mukate foto, musikate maneno.

Mpiga foto atafika siku ya posho asubuhi. Atakaa karibu na mwembe wa kivukoni, kabla jua halijawa kali. Wasiotaka kuonekana wapite nyuma, njia ya wachuuzi wa samaki. Tumemwambia asielekeze kamera upande huo.

Sasa tuhesabu mikono, kwanza kwa neno la ukuta, halafu kwa foto. Baadaye mtunza sanduku asome hesabu.